Hiyo Inatibu Nini?

Wiki jana, katika hoteli moja ya Nunguni, msichana wa meza ya karibu alikuwa akimega andazi vipande vidogo bila kula hata kimoja. Hatimaye akamwambia babake: "Baba, niliacha unesi. Sasa nasomea sosholojia."

Kikombe cha mzee kikasimama hewani. "Hiyo inatibu nini?"

"Haitibu. Tunasoma vile watu wanaishi pamoja, na vile wanakosana."

Nikaacha kutafuna. Mzee alimimina chai kwenye kisahani, akaipuliza polepole.

"Kile kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kuchimba matuta, kilivunjika. Hata kanisani hatusalimiani. Hiyo kozi yako inaweza kujua kwa nini?"

"Naweza kuuliza watu, Baba."

"Basi ukifunga shule, anza na mamako. Yeye ndiye alitoka wa kwanza."

Msichana alicheka mpaka akapangusa macho, kisha akala vipande vyote.

Nami nikashusha pumzi. Tangu nihitimu sosholojia naulizwa inaleta kazi gani. Huyu amepewa kazi kabla hajahitimu, ingawa mshahara haukutajwa, na wa kwanza kuhojiwa, Mungu amsaidie, ni mamake.