Kiboko wa Nyumba ya Mungu

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu watalii waliokodi boti ya kuvulia samaki katika bahari ya Atlantiki. Nyangumi aliibuka karibu nao, wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mkulima wa kijiji cha Mhezi, na mchana mmoja nikiwa mtoto alikodi boti ya mvuvi mzee ili tukavue kwa ndoana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa sababu ya jina hilo, niliamini kwamba chini ya maji kulikuwa na kanisa. Boti ilinuka petroli na magamba ya perege, nami nilikaa kwa adabu, mikono mapajani.

Ghafla mzee akazima injini. Mbele yetu maji yalipasuka, kikatokea kichwa kikubwa, kikapuliza pumzi nzito.

"Nyamaza kabisa, mwanangu," baba alininong'oneza. Alinikumbatia, akafumba macho, midomo ikicheza. Nilidhani ibada imeanza, nami nikafumba yangu.

Tulikaa hivyo mpaka kiboko akazama na kuibukia mbali, kwenye matete. Mzee akachukua kasia, akaturudisha ufukweni polepole.

"Baba, Mungu ameondoka?" niliuliza.

"Ametuacha tupite," alijibu. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, nami nikadhani ni maji ya bwawa.

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponiambia kwamba baba hakujua kuogelea. Alipanda boti ile kwa sababu nilimwomba mimi.