Picha Niliyompa Mtani Wangu

Miaka ile ya hamsini, nilipomaliza masomo ya darasa la jioni, Mbeya nzima haikuwa na mtu wa kuchora kama mimi. Haya, labda mmoja. Nilikuwa napaka vibao vya maduka, na ng'ombe niliyemchora ukutani kwa muuza nyama alinona hata mbwa wakahamia mlangoni.

Huyo mmoja mwingine alikuwa Mhehe wa Ipogolo, kule Iringa, aliyekuja Mbeya kwa kazi hiyohiyo. Mimi ni Msangu, kwa hiyo tulikuwa watani: babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi ya kuchekeana. Mtani akikuchukulia kofia, unacheka. Ukinuna, mjinga ni wewe.

Ni yeye aliyeniambia kwamba Iringa kuna mkutano wa wachoraji. Ilitafutwa picha ya jalada la kitabu cha kuwafundisha watu wazima kusoma, na mwenye picha hiyo angepewa kitabu kizima achore. Kitabu kizima! Nililia ndani ya basi, nikasingizia vumbi.

Nilifikia kwao. Mama yake alinipakulia ugali mkubwa kama kichuguu.

"Kula, Msangu," mtani akasema. "Kwenu wali mnagombania na ndege."

"Nitakula, ila mama aniapie kwanza kwamba nyama hii haikuwahi kubweka."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Mkutanoni nilizaliwa upya. Mchoraji mmoja wa vitabu kutoka pwani alichora kuku kwa mistari michache tu, nami nikapapasa mfukoni kutafuta mahindi. Mzee mwingine, mpangaji wa kurasa za magazeti, alishika kazi yangu akatikisa kichwa. "Kijana, umeijaza karatasi kama gunia la viazi. Acha nafasi nyeupe, picha ivute pumzi."

Maneno hayo yaliniingia kama dawa. Nikamchora mama mmoja wa darasa letu la jioni: mtoto mgongoni, kidole cha mama juu ya herufi, na mtoto naye kapitisha mkono begani kwa mama, ananyoosha kidole chake. Pembeni peupe kabisa. Hata jina sikuandika, nisije nikaichafua ile nafasi.

Asubuhi ya kukabidhi picha, mtani alisema, "Lete nikupelekee. Wewe malizia uji."

Nikampa. Ningemnyimaje? Nilikuwa nakunywa uji wa mama yake.

Mchana yule mzee aliinua picha yangu mbele ya watu wote. Chini kulikuwa na jina la mtani wangu.

Nikasimama. "Hiyo ni yangu!"

Mtani akageuka, uso unang'aa. "Jamani, mwoneni Msangu! Kamaliza ugali wetu, sasa anataka na picha!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. "Watani hao!" mtu akaeleza, na wageni wakapiga makofi. Kila nilipoapa, walizidi kucheka. Hata yule mzee alijifuta machozi.

Nje nilimshika mkono. "Utani basi. Rudi ukawaambie."

"Unanuna, mtani?"

"Mwambie mzee tu. Picha ni yangu."

Akanitazama, akachekacheka, akarudi ndani kuandikishwa kazi. Nilingoja pale nje mpaka mlango ukafungwa.

Kitabu kilifika mpaka darasa letu la jioni. Yule mama alijitambua kwenye jalada, akauliza huyo Mhehe mwenye jina pale chini alimwona wapi. Nilimwambia sijui.

Baadaye mtani alikuja Mbeya. Akanipigia kelele toka ng'ambo ya barabara, mikono juu: "Msangu! Ndege wamekubakizia wali?"

Watu walishageuka kusubiri jibu langu. Nilikuwa nalo, tena tamu, lingewagaragaza chini mpaka Tukuyu.

"Habari za siku nyingi, bwana," nikasema. "Nyumbani hawajambo?"

Mikono yake ikashuka taratibu. "Hawajambo," akajibu. Nikamwamkia kwa kichwa, nikapita.