Sahani Nilizompelekea Dada

Katikati ya miaka ya tisini, mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa na mwili mmoja na maradhi mamoja. Sote wajane, wanene, tumeshapita miaka sitini, tukiishi nyumba ya marehemu baba yetu katika Mji wa Kale: yeye juu, mimi chini. Jongo lilimwanza yeye. Mwaka uliofuata likanijia mimi. Kidole gumba cha mguu kikavimba na kuwaka hata uzito wa shuka ukawa haustahimiliki.

Daktari alitupima damu siku moja. Asidi ya yuriki ilikuwa imetuzidi sote, karibu sawasawa.

"Punguzeni mwili polepole," akasema. "Maini, figo, supu ya mifupa na dagaa, wacheni. Nyama iwe kidogo. Soda msinywe. Kunyweni maji."

Dada alitii siku ileile. Kila asubuhi alivaa raba chini ya buibui, akatembea mpaka mtaa wa Kizingo na kurudi. Mimi nilitii mpaka Ijumaa, jirani alipomwoza binti yake na biriani ikaletwa.

Miezi mitatu baadaye tulirudi. Asidi yake ilikuwa imeshuka, yangu iko palepale. Daktari akamwita muuguzi aje amtazame dada alivyopungua. Mimi nikauinamia mkoba wangu. Njiani majirani walimwambia, mashallah, umerudi kijana. Mimi wakaniuliza mguu waendeleaje.

Niseme kweli, nilimwonea wivu. Tangu utotoni nywele zake zilikuwa ndefu kuliko zangu, na Mungu akampa mume mpole kuliko wangu. Unene ndio uliotufanya sawa, na sasa dada ameniachia peke yangu.

Hapo nikaanza kupika. Maini ya kukaanga kwa ndimu, figo za mchuzi wa nazi, pilau yenye nyama nyingi. Nikampandishia.

"Dada, nimekukumbuka."

"Ahsante, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

Sahani zilirudi zimeoshwa. Nikawa naingoja siku ya kipimo kwa hamu, na yaliyobaki sufuriani nikayala mwenyewe.

Siku hiyo haijafika, mguu wangu ukafura hadi kwenye kifundo. Dada akateremka na wali kidogo kwa mchuzi wa bamia, akaketi sakafuni kunikanda kwa kitambaa cha maji baridi.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Yale maini hayakukudhuru?"

"Sikuyala. Nilimpa fundi cherehani wa hapo mlangoni. Ana watoto wanne."

"Ulijua kwa nini nakuletea?"

Alikamua kitambaa kwanza. "Tulilala kitanda kimoja tangu utotoni mpaka nilipoolewa. Nitakosaje kujua?"

Nilitaka anigombeze, nami nipate la kujibu. Hakunigombeza. Akanifunika mguu kwa khanga, akaniambia nile wali usipoe. Hilo likanichoma zaidi: hata kwa wema amenishinda.

Tangu hapo alitupikia sote wawili. Mguu ulipopoa nilitoka naye asubuhi, lakini mimi nilifika Makadara tu, njiani, nikakaa kumngoja. Kipimo changu kilishuka kidogo, hakikufika chake. Jongo lilikuja mara chache kuliko kwanza. Ila kila nilipomwona anapanda ngazi bila kushika ukuta, moyo ulinifinya, na sikumwambia.