Sufuri Mbili Zisizo Zangu

Mwalimu wetu wa hesabu wa darasa la tano alichukia kumsikia mtu akisema "ongeza sufuri." Hakuna kinachoongezwa, alisema. Ukizidisha saba kwa mia, ile saba inahama kutoka nyumba ya mamoja hadi nyumba ya mamia, na sufuri mbili zinabaki kulinda vyumba vilivyoachwa. Sisi watoto wa mtaa wa mabanda wa Lindi tulimwelewa upesi. Habari za kuhama vyumba tulizijua kabla ya kujua kusoma.

Rafiki yangu ndiye ambaye hakuelewa. Tulikaa dawati moja, na nyumbani tulitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Mama zetu waliazimana jiko. Saba haikumsumbua. Iliyomsumbua ni sitini. Akiizidisha kwa mia, sufuri ya sitini aliihesabu mara mbili, akapata elfu sitini badala ya elfu sita. Wiki mbili nzima, kila tukitoka shule, nilimketisha mlangoni kwetu na vifuniko vya soda, nikamwonyesha mahali watu wanapoteleza na namna ya kupakwepa. Nilijiona mwalimu kamili. Mjinga mimi.

Tulikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo. Wafadhili fulani walikuwa wametoa nafasi moja, moja tu, katika shule ya Kawangware iliyokuwa na maktaba na chakula cha mchana cha bure. Angekwenda yule atakayeongoza katika mtihani wa maswali thelathini ya kuzidisha kwa kumi, kwa mia na kwa elfu. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naota maktaba, nami sikuwa nimewahi kuona hata moja.

Darasani tulikuwa wengi mno, mwalimu asingeweza kutusahihishia. Desturi yetu ilikuwa kubadilishana madaftari na jirani. Mwalimu anasoma majibu, kila mtu anatia tiki au kosa katika daftari la mwenzake. Siku ya mtihani nilimpa rafiki yangu daftari langu, na juu yake biro yangu ya bluu niliyoandikia majibu, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imekauka. Mimi nikatumia penseli. Nilipofika kwenye sitini mara mia na kukuta ameandika elfu sita, nilimtilia tiki kubwa kuliko nyingine zote.

Alipata ishirini na tisa. Mimi nilipata ishirini na nane.

Mwalimu alilitazama daftari langu akatikisa kichwa. Sitini mara mia nilikuwa na elfu sitini. Arobaini mara elfu nilikuwa na laki nne. Akaniambia kwa upole kwamba nimehesabu sufuri mara mbili, kosa la kila siku. Nikamwamini. Nilijilaumu, nikalia, na rafiki yangu akanifuta machozi kwa kiganja chake.

Jumamosi nilimpelekea baba chakula mtaa wa jirani, Laini Saba, alikokuwa akiandika mabango ya vibanda. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika sufuri kwa kuanzia chini, kama alivyoianza kwa brashi, kwa hiyo zangu zote huwa na mwanya mdogo upande wa chini. Nilimwonyesha lile daftari la aibu. Alilipitia kwa jicho la fundi, kisha akaweka kidole.

"Hizi mbili si zako," alisema.

Zilikuwa zimefungwa chini, na juu zina kikonyo kama cha nyanya. Kikonyo kile nilikuwa nimekitazama kwa wiki mbili mlangoni kwetu, rafiki yangu akiandika majibu yake.

Jumatatu nilimweleza mwalimu. Alizitazama sufuri zile, akasema jina limeshapelekwa Kawangware, na kwamba nisiwe mtu wa kijicho. Basi kila asubuhi nikawa nasikia kupitia ukuta ule viatu vipya vikitoka.

Baada ya wiki tatu rafiki yangu alikuja na daftari la shule yake mpya. Walikuwa wameanza kuzidisha kwa laki, na sitini ilikuwa imeanza kumsumbua tena. Nikamuuliza kwa nini aliniongezea sufuri. Nilitarajia akatae. Ningependa angekataa.

"Wewe ni msmart," alisema. "Ungepata tu ingine mwaka ujao. Mimi ningepata lini?"

Mwaka uliofuata wafadhili hawakurudi. Lakini siku ile sikulijua hilo, na si hilo lililoniumiza. Katika maswali thelathini angeweza kuniharibia lolote, na jingine lolote ningelishuku palepale. Alichagua yale mawili kwa sababu alijua nitaamini nimekosea mwenyewe, na aliyemfundisha mahali watu wanapoteleza ni mimi.