Mlio wa tairi la nyuma kushoto, na baba mkwe niliyekatazwa kumsemesha

Wakuu, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjaniamkia, maana wengi wenu humu nawazidi umri. Simu nimefundishwa na mjukuu, nikikosea mnisamehe.

Juzi kuna kijana hapa jukwaani analalamika gari lake kuukuu linavuma upande wa nyuma. Kabadilisha tairi, bado linavuma. Mmemjibu vizuri. Mimi nimesoma nikapandwa na hasira ya zamani, nikaona na mimi niandike. Yalinipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyetaka kuamini apite tu.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Nimezaliwa Kinyala, nikaolewa Ikuti, huko huko Rungwe.

Baba mkwe alikuwa na pikapu ya zamani, aliuziwa na mzungu wa shamba la chai aliyekuwa anarudi kwao. Siku za soko alipeleka ndizi Tukuyu, na mimi nilipanda kumpeleka binti yangu Atupele kliniki. Alikuwa bado ananyonya, na kifua kilikuwa kinamsumbua sana.

Sasa, wasio Wanyakyusa niwaeleze kidogo. Enzi zile mkamwana na baba mkwe hawaonani. Humtazami, humsemeshi, jina lake hulitamki. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani mpaka apite. Tuliambiwa ndiyo heshima.

Kwa hiyo mama mkwe alikaa mbele na mumewe. Mimi nilikaa nyuma na mikungu ya ndizi, mtoto mapajani, kanga kichwani, nimewapa mgongo. Hata kile kioo cha ndani mzee alikigeuza kikatazama paa, asije akaniona kwa bahati mbaya.

Yaani mtu anaendesha gari kwenye milima ile bila kioo, ili asimwone mke wa mwanawe!

Na huyo huyo mikutanoni alikuwa hodari wa kuhubiri usawa. Ndugu huyu, ndugu yule. Kila mtu alikuwa ndugu yake, isipokuwa aliyekaa nyuma ya gari lake.

Haya, mlio.

Ulianza kama nyuki ndani ya mzinga, chini kabisa ya nilipokaa, nyuma kushoto. Baada ya wiki chache ukawa unakwaruza.

Mimi gari sikulijua, lakini masikio ninayo. Petroli ilikuwa ya foleni, hivyo kila mteremko mzee alizima injini gari likashuka lenyewe. Injini imezimwa, mlio upo. Basi si injini.

Tukipita kwenye tope laini, upo. Tukipita kwenye changarawe, ni ule ule. Kona ya kulia, mzigo ukiegemea upande wangu, unanguruma. Kona ya kushoto unapungua.

Siku moja tumefika sokoni, wenyewe wakaenda kutafuta wanunuzi. Nikashuka nikagusa katikati ya kila gurudumu, kama unavyogusa watoto paji la uso kujua nani ana homa. Matatu yalikuwa vuguvugu. La nyuma kushoto liliniunguza vidole.

Nikamwambia mama mkwe. Akasema, "Mwe! Mkamwana, hayo ni ya wanaume."

Nikamwambia mume wangu, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha chai. Akacheka. "Mama Atu, ufundi wa magari umejifunzia jikoni?"

Mzee alilipeleka gari kwa fundi mmoja pale Tukuyu, mtu mstaarabu tu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mikungu, nawasikia wote wawili. Fundi akasema tairi ni vipara, zimelika vibaya, tubadilishane za mbele na nyuma. Wakabadilisha, mlio haukuhama. Akasema basi labda difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma.

Halafu akauliza swali moja la maana, mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Mzee, mlio kama huu anausikia vizuri aliyekaa nyuma. Nyuma hukaa nani, tumuulize?"

Baba mkwe akajibu, "Nyuma hakuna mtu."

Wakuu, nilikuwa hapo hapo na mjukuu wake wa damu mapajani.

Safari iliyofuata Atupele alikuwa amezidiwa, anahema kwa shida. Tukafika kwenye mteremko mrefu unaoshuka mtoni. Mzee akazima injini kama kawaida yake.

Nikasikia harufu ya grisi inayoungua. Nikachungulia pembeni, nikaona tairi linachezacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Nikagonga bodi. Nikamsikia mama mkwe anamwambia mumewe, "Mzigo unacheza."

Nikagonga tena kwa ngumi mbili. Gari linazidi kushika kasi, na chini naona mto.

Basi nikapiga kelele. "Baba! Simama! Tairi linatoka!"

Alikanyaga breki, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa barabara. Lilipotulia, gurudumu lilikuwa limelala upande. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba gurudumu, ilikuwa imesagika kabisa, ilitoka vipande vipande.

Mzee alishuka. Hakuuliza mtoto anahemaje. Alimgeukia mkewe akasema, "Nani ameniita?"

Nilishuka na mtoto mgongoni, nikakimbia kwa miguu mpaka hospitali. Atupele alipona. Leo ni bibi kama mimi.

Niliporudi Ikuti nilikuta wazee wameshakaa. Nimevunja mwiko, nimemwita mkwe kwa sauti hadharani njiani. Nikarudishwa Kinyala na mtoto wangu, mpaka baba yangu mzazi alipomswaga ng'ombe wake mmoja kwenda kuniombea radhi. Alikuwa na ng'ombe wawili tu.

Mume wangu alichosema ni, "Si ungegonga bodi tu?"

Niligonga!

Miaka mingi ikapita, mzee akafariki. Msibani akasimama mpwa wake kueleza maisha ya marehemu. Akasema marehemu alikuwa na sikio la gari. Kwamba siku moja mteremkoni alisikia beringi inakatika, akasimama papo hapo, akamwokoa mkewe. Walikuwa wawili tu garini, akasema.

Watu wakatikisa vichwa kwa kusifu. Mume wangu akatazama chini. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya wageni, kanga kichwani.

Nimejifunza nini? Kwa kijana mwenye gari: injini ikizimwa na mlio ukabaki, njia ikibadilika na mlio usibadilike, kona moja ukazidi na nyingine ukapungua, acha kununua tairi, kagua beringi. Ukisimama, sogeza kiganja taratibu karibu na kila gurudumu ulinganishe joto. Na mpakie mtu nyuma, umuulize anasikia nini.

Kwa wengine sina somo, nina swali. Kina mama wa Rungwe wa enzi zile, na wa kwingineko pia, najua mpo humu mnasoma kimya kimya. Ninyi mlisikia nini kule nyuma, mkaambiwa hakuna mtu?

Andikeni. Wenyewe waliotukataza wameshakufa.