Nilivyojifanya guide wa bustani za Blue Mountains mbele ya mama mkwe mtarajiwa

Wakuu, habari za majukumu.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Natamani ningekuwa nimeongeza, ningelala vizuri zaidi.

Kwa wasionifahamu, niiteni Deo. Ni mtu wa Morogoro, niko hapa Sydney miaka kadhaa sasa. Kazi yangu ni ya ofisini, Parramatta, ile ya kukaa kwenye kiti na kuwaambia watu "let me check and get back to you". Naifanya vizuri sana, hasa sehemu ya kuongea.

Nina mchumba anaitwa Furaha. Ni Mkongo wa Bukavu, familia yao ilihamishiwa huku kama wakimbizi akiwa bado binti wa shule. Wanaishi Bankstown. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee, aged care.

Tatizo halikuwa Furaha. Tatizo lilikuwa mama yake.

Maman Furaha anapanga mboga kwenye warehouse, na ni mama wa maneno machache. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo ya nguvu, nimeinama kabisa. Akanitazama, akasema, "Bonjour." Basi. Nikabaki nimeinama pale kama mtu aliyedondosha funguo.

Baadaye nikasikia alichomwambia binti yake. "Ba-Tanzania banasema muzuri sana. Lakini huyu, kazi yake mi sijaiona."

Na mimi nilishataka kutuma washenga! Furaha akaniambia bila kunificha: Mama hatapokea mtu yeyote kabla hajakaa na wewe siku nzima, akuone.

Sasa wakuu, mtu mwenye akili angesema, sawa, nitakuja kwenu Jumamosi nisaidie kuosha vyombo.

Mimi nikasema, "Mama, nitakupeleka Blue Mountains kuona autumn."

Kwa mlioko nyumbani, Blue Mountains ni milima nje ya Sydney, na huku mwezi wa nne na wa tano ni autumn. Baridi inaanza, majani ya miti yanageuka mekundu na ya njano, halafu yanadondoka. Wazungu wanaendesha magari mwendo mrefu kwenda kuyaangalia. Sisi majani yakidondoka tunamwita mtu afagie. Lakini nikiri, ni pazuri.

Ningeishia hapo ingekuwa salama. Nikaongeza, "Mimi kila mwaka lazima nipande huko. Zile bustani nazijua kama sebule yangu."

Wakuu, nilikuwa sijawahi kufika. Nilikuwa nimeangalia video.

Siku yenyewe ikafika. Nilinunua viatu vya hiking vipya, begi la mgongoni na zile fimbo mbili za kutembelea. Maman Furaha alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani, raba, na mkoba begani. Akaziangalia fimbo zangu. "Uko mugonjwa?"

Tukaanza na bushwalk fupi, yaani kutembea msituni. Kwenye video yule jamaa alisema ni easy. Hakusema kwamba unashuka ngazi mpaka bondeni, na kwamba ngazi hizo hizo ndizo za kurudia.

Kushuka nilikuwa mbele, naelezea ndege. Kupanda nilikuwa nyuma, sielezei kitu. Vibibi vya kizungu vilinipita vikiniambia "nearly there, darling", na haikuwa kweli. Nilipofika juu nimeshika kiuno, nikamkuta Maman Furaha amekaa kwenye benchi anakula karanga kutoka kwenye mkoba.

"Pumuzika, papa," akasema. Miguu yangu yote miwili ilikuwa imetoka malengelenge.

Nikajipa moyo: bustani ndiyo itaniokoa.

Kuna kijiji kule juu ambapo kipindi hiki wenye bustani nzuri wanazifungua watu waingie kutembea kwa kiingilio. Mtandao ukakata njiani, ramani ikaganda. Furaha akasema tuulize. Nikamwambia hakuna haja, mimi mwenyeji.

Tukaona kibao kwenye kona kinaonyesha mshale. Tukaona geti liko wazi, njia ya kokoto, na miti myekundu pande zote mbili, mpaka Furaha akasema "oh wow". Nikapaki pale pale mlangoni.

Ndani kulikuwa na mzee wa kizungu amevaa gambuti, ana reki mkononi, anakusanya majani.

Nikamsogelea kwa kujiamini. "Good morning! Three adults."

Akanitazama. "Three adults what, mate?"

Nikacheka sana. Waaustralia wana utani wa uso mkavu, na mimi ni mwenyeji, nikajua huu ndio wenyewe. Nikamuuliza tuanzie wapi.

Akamwangalia Maman Furaha na kitenge chake, akamwangalia Furaha, akarudi kwangu. Akasema taratibu kwamba, well, nyuma ya nyumba ndiko kuzuri zaidi, nadhani.

Nikawaongoza nyuma.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ya u-guide. Mti mwekundu, nikasema huu ni Japanese maple, ndio jina pekee nililokuwa nalo. Mwingine mwekundu, Japanese maple. Tukafika kwenye mti wa njano.

"Na hii?" Maman Furaha akauliza.

"Huu nao ni Japanese maple, Mama. Bado haujaiva."

Furaha akageuka kuangalia upande mwingine, mabega yanatikisika.

Miguu ikazidi kuwaka moto. Nikakaa kwenye benchi, nikavua viatu, nikamwita yule mzee. Hapa nawaomba msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nilimwambia bustani ni nzuri ila vibao ni vichache, mgeni anaweza kupotea. Nikamwambia kwa kawaida sehemu kama hizi zinakuwa na chai na scones, vile vimikate vya kizungu. Nikamwomba awafikishie management.

Mzee akasimamisha reki yake. "Scones," akasema. "Right. Ngoja nikaongee na management."

Akaingia ndani. Nikamwambia Furaha, unaona? Huku ukisema wanakusikiliza.

Akatoka na trei. Hakukuwa na scones, kulikuwa na chai na biskuti. Nyuma yake alikuwa bibi mmoja mwembamba, amevaa gauni la nyumbani na sweta, anasukuma kile kigari cha kutembelea cha wazee. Anatabasamu kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Furaha akainuka bila kuambiwa, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha veranda, akamfunika miguu. Wakaanza kuongea kama watu wanaojuana.

Maman Furaha alikunywa chai yake, akasimama, akaenda kuchukua ile reki iliyoegeshwa kwenye ukuta. Akaanza kukusanya majani. Mzee akasema no, no, please. Kiingereza cha Maman Furaha ni kidogo, akamjibu "You, sit." Mzee akakaa.

Mimi nilikuwa na soksi tu, nakunywa chai, nawaza kuwapa nyota nne kati ya tano kwenye mtandao. Moja nimekata kwa sababu ya scones.

Baridi ikaanza kuuma, nikaenda kwenye gari kumletea Maman Furaha koti.

Nje ya geti nikamkuta mama mmoja amevaa kizibao cha rangi kali, anaelekeza magari. Hatua chache mbele kulikuwa na geti jingine, kubwa, lina bango, lina foleni ya watu. Na harufu ya scones, wakuu.

"Darling," akaniambia, "huwezi kupaki hapa, umeziba njia ya Keith."

Nikamuuliza Keith ni nani.

"Mwenye hiyo nyumba. Anakaa hapo na mkewe, Joan. Bustani ya maonyesho ni hii ya kwetu."

Nilisimama pale na soksi zangu kwenye kokoto, nimeshika koti la mama mkwe. Nilikumbuka kila neno nililomwambia yule mzee. Management!

Nikarudi ndani nimeshaamua. Siwaambii. Nitawatoa kimya kimya, tutaingia geti la pili kama vile ni sehemu ya pili ya ziara.

"Mama," nikasema, "muda wetu umeisha, wanafunga."

"Wanafunga? Na chai haiyaisha?"

Furaha akanikazia macho. "Deo, what's going on?"

Kabla sijapata uongo mwingine, yule bibi akamgeukia mumewe. "Keith, hawa watu wazuri ni akina nani?"

"Not a clue, love," mzee akajibu. "Wamekuja kuangalia bustani."

Furaha akafunika uso kwa mikono miwili.

Nikafungua mdomo kuomba msamaha na Kiingereza chote kikaniishia, mimi mtu wa ofisini Parramatta. Nikawa nasema "samahani, samahani sana, sorry", naokota vikombe kwenye trei kama mhudumu.

Keith akaniambia niache vikombe. Akasema kila autumn anasikia magari yakipita, watu wanakwenda kwa jirani. Upande huu wa uzio hasimami mtu, isipokuwa nesi anayekuja kumwona Joan. Alipotuona tumeingia akafikiri tutagundua wenyewe baada ya muda mfupi. Halafu Joan akachungulia dirishani, akauliza kama wana wageni, na yeye akashindwa kusema hapana.

Furaha akamtafsiria mama yake. Nikasubiri hukumu.

"Mi nilijua," Maman Furaha akasema.

"Ulijua, Mama?"

"Tangu tufike kule nyuma. Bustani gani ya publique wanaanika caleçon ya muzee kwa kamba?"

Nikageuka. Kweli. Chupi za Keith zilikuwa zinapepea kwenye kamba, karibu kabisa na ule mti wangu ambao haujaiva.

"Sasa kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa unaeleza muzuri sana. Nikasema acha amalize."

Hapo Furaha alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Joan naye akacheka, na sidhani alijua tunacheka nini.

Maman Furaha hakucheka. Alinishikisha reki.

Nilikusanya majani ya ule uwanja wote, nikiwa na soksi tu, mpaka jua likapotea nyuma ya miti. Sikusema neno. Nikimaliza kona, mama mkwe ananyoosha kidole kuonyesha nyingine. Keith alileta mifuko, tukaijaza pamoja. Geti la pili hatukuingia, na wakati tunaondoka walikuwa wameshafunga kweli.

Njiani Maman Furaha alilala. Tulipofika kwao Bankstown akashuka, akafunga mlango, halafu akarudi dirishani kwangu.

"Papa Deo. Tangu nikujue, leo ndiyo mara ya kwanza nimekuona unatumika na umenyamaza."

Kwao kutumika ni kufanya kazi. Niliwahi kumbishia Furaha kwamba sio Kiswahili. Safari hii nilinyamaza.

"Ambia bazee bako bakuye," akasema, akaingia ndani.

Wazee wangu waje! Nilikaa kwenye gari sijui nicheke au nilie, mpaka Furaha akanigongea kioo akaniambia nenda nyumbani ukaloweke miguu.

Funzo nililolipata ni hili: kama hujawahi kufika mahali, sema hujawahi kufika, na ukishaharibu, funga mdomo ushike kazi. Kwa wengine humu hii ni akili ya kawaida. Mimi imenigharimu ngozi ya visigino.

Washenga wanakwenda mwezi ujao. Waliowahi kuoa upande wa Kivu nishaurini tuwatume na nini. Na kama kuna aliyewahi kuingia nyumba ya watu akaomba chai, aandike hapo chini, nisome nikiwa nimekaa.