Gauni Lisilo na Vifungo

Walimwita Maswali tangu utotoni, maana kabla hujaketi alikuwa ameshakuuliza. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ilikuwa timamu, ila viungo havikumtii: miguu ilikakamaa, mkono wa kulia ulijikunja kifuani, na maneno yalitoka polepole, moja moja. Wasiomjua walidhani hana akili. Wengine walisema karogwa. Mama yake akiwasikia hujibu, "Basi mchawi huyo alisahau kumfunga mdomo."

Hata alipokuwa mtu mzima, dada yake ndiye aliyemvalisha kila asubuhi. Siku moja Maswali akaomba asukumwe kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kwa fundi cherehani.

Fundi, mwanamke mnene mwenye pini midomoni, alimtazama dada mtu. "Huyu anataka nguo gani?"

"Si umuulize mwenyewe?"

Fundi akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Unataka nguo ga-ni?"

"Nasikia," alisema Maswali. "Nataka gauni... nita..."

"La harusi!"

"Usinimalizie." Akavuta pumzi. "Nitakalovaa... mwenyewe."

Fundi alizitema pini kiganjani, akavuta kigoda, akakaa. Kitu kama hicho hakuwahi kuombwa.

"Huo mkono unainuka mpaka wapi?"

Maswali akamwonyesha.

"Mbona ukiunyoosha ndio unazidi kujikunja?"

"Ukiulazimisha, unakaidi. Ukitulia, unalegea. Kwa nini... hata mimi nauliza."

"Kumbe ni kama mume wangu," fundi alisema, na wote watatu wakaangua kicheko.

Wakaanza kujaribu. Gauni la kwanza, la mpira shingoni, lilimnasa kichwa ndani, ikabidi avutwe kama muhogo. La pili lilifunguka mbele, na badala ya vifungo fundi alishonea sumaku alizobandua kwenye mikoba mikuukuu. Maswali alipoegemea meza, pini zote za mezani zikamrukia kifuani.

"Ghala la pini limehamia kwangu!" alisema.

Sumaku zikafunikwa kwa kitambaa kizito zaidi, na meza ikasogezwa. Maswali naye akagundua siri yake: akianza na mkono mkaidi, ule mwingine hufuata bila ugomvi.

Asubuhi ya kwanza alijifungia chumbani. Dada yake, akiwa mlangoni, alisikia kitu kikianguka.

"Nije?"

"Usije!"

Kitu kingine kikaanguka. Chai ilishapoa mezani mlango ulipofunguliwa. Gauni lilikuwa limepinda begani, lakini lilikuwa mwilini. Dada yake alinyoosha mkono alirekebishe, kisha akaurudisha.

Baadaye wawili hao walikwenda zahanati, siku ambayo akina mama huwaleta watoto wenye hali kama ya Maswali kufanya mazoezi ya viungo. Maswali akawaonyesha jinsi gauni linavyofunguka na kufungwa. Mama mmoja kijana, aliyempakata binti yake, akauliza, "Na wangu ataweza?"

"Sijui. Yeye anapenda... kufanya nini mwenyewe?"

Yule mama akamgeuza binti yake amwelekee. Akamtazama mtoto wake kwa muda mrefu, kama mtu aliyetajiwa jambo geni.

"Mwanangu," alisema taratibu, "unapenda kufanya nini mwenyewe?"

Mtoto alihangaika na neno lake, na chumba kizima kikamsubiri.

"Kijiko," alisema, na mkono wake ukainuka kuelekea mdomoni.